Likizo ya Mombasa isiwe adhabu kwa watoto

Shule zinapokaribia kufungwa, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi za jijini: watoto tutawapeleka wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Walifungiwa nguo zao wakapandishwa basi kwenda kwa nyanya mashambani, wakarejea wiki tatu baadaye wakiwa wameiva kwa jua na wakijua kukama ng'ombe. Siku hizi mtoto wa Buruburu au Kahawa amekwisha kuona kwenye televisheni mabembea makubwa na mitelezo ya maji ya Marekani, na shule zikifunguliwa anataka naye awe na la kuwahadithia wenzake. Basi mzazi, ili asionekane bahili mbele ya wanawe, husema neno moja tu: "Tutaenda Mombasa." Neno hilo likishatoka halirudi.

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia kuhusu neno kama hilo. Ana watoto watatu, wa miaka tisa, sita na miwili. Mumewe amewaahidi Mombasa mwezi wa Agosti na tayari amekwisha kuandika ratiba. Wataondoka Nairobi usiku kwa gari lao, wafike alfajiri na kuelekea moja kwa moja Fort Jesus, kisha Haller Park jioni. Siku ya pili ni bustani ya maji mchana kutwa, na kutazama mamba baadaye. Siku ya tatu ni Malindi, kwenda na kurudi. Siku ya nne ni Diani, halafu safari ya Nairobi usiku huo huo, kwa kuwa baba watoto anatakiwa kazini Jumatatu. Mama alipouliza watoto watalala saa ngapi, aliambiwa kwamba anaiharibu likizo kabla haijaanza.

Hata hivyo, si uchovu uliomfanya ashike kalamu. Walipokwenda Mombasa wakati wa Krismasi mwaka juzi, huyu mtoto wa pili, wakati huo akiwa wa miaka minne, alipotea ufuoni kwa zaidi ya saa nzima. Alikutwa ameketi kando ya mama mmoja muuza maembe, hajambo, mdomo umejaa embe na pilipili. Wengine waliofika pale walicheka. Wazazi hawakucheka. Tangu siku hiyo bibi huyu na mumewe hawajapata kukubaliana ni nani aliyepaswa kumtazama mtoto. Yeye alikuwa akimnyonyesha mchanga, na baba alikuwa akinunua soda. Kila Mombasa inapotajwa, kesi hufufuka. Sasa anauliza: akatae safari hii, au aende roho ikiwa juu?

Dada yangu, usikatae. Watoto wamekwisha kuahidiwa, na ahadi kwa mtoto ni deni. Lakini ratiba ya baba watoto simwungi mkono hata kidogo, nami naomba aisome safu hii mwenyewe kabla ya kujaza petroli.

Kosa la ratiba hiyo ni kwamba imeandikwa na mtu mzima kwa ajili ya mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili hulala mchana, apende asipende. Ukimnyima usingizi huo ili muwahi kuona mamba, hatamwona mamba. Atalia mbele ya mamba. Na kilio cha mmoja huwa likizo ya wote imeharibika, maana mkubwa naye ataanza kununa, wa kati ataomba abebwe, na wazazi wataanza kutupiana maneno mbele ya watu. Panga jambo moja kubwa kwa siku, basi. Lifanyike asubuhi, watoto wakiwa na nguvu na jua halijakuwa kali. Mchana warudi walale, hata yule mkubwa ajilaze na kitabu chake. Alasiri ni ufuo au matembezi mafupi. Kwa siku nne mtakuwa mmefanya mambo manne makubwa, na hayo yatakumbukwa. Malindi, ambayo iko kama kilomita 120 kaskazini mwa Mombasa, na Diani, ambayo iko ng'ambo ya Likoni, zingojee mwaka mwingine. Hazihami.

Tuje kwenye safari yenyewe. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni ya karibu kilomita 480, na usiku ni ya malori. Dereva aliyefanya kazi kutwa nzima, akashika usukani saa tatu za usiku, hufika pande za Mtito Andei akipambana na usingizi, ilhali nusu ya safari ndiyo kwanza imebaki. Kama ni lazima mwende kwa gari, ondokeni alfajiri, msimame kila baada ya saa mbili, na mtoto asipakatwe kiti cha mbele hata akilia namna gani. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia.

Lakini kwa nini msipande garimoshi? Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, na hadi leo sijaona usafiri unaowafaa watoto wadogo kuliko huo. Kuna choo, kuna mahali pa kunyoosha miguu, na mama aweza kunyonyesha bila ya kuyumbishwa. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa mwanzoni mwa 2024 hadi Sh1,500, na ya daraja la kwanza hadi Sh4,500. Watoto wa kuanzia miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu, na wa chini ya miaka mitatu hawalipi, ila hawapewi kiti. Kwa hesabu hiyo, familia hii ya Umoja italipa Sh4,500 kwenda na Sh4,500 kurudi katika daraja la kawaida. Linganisheni na petroli ya kwenda na kurudi, halafu mwongeze thamani ya baba anayefika akiwa macho. Nauli hubadilishwa, kwa hivyo ulizieni kabla ya kufunga safari.

Yapo mambo ambayo garimoshi halisamehe. Tiketi za Agosti na Desemba humalizika mapema, hasa za mwisho wa wiki, na asiyekata mapema hubaki akibembeleza. Hulingoji mtu. Ukaguzi wa mizigo kule Syokimau una hatua kadhaa, hata mbwa hunusa mifuko, kwa hivyo fikeni kama saa nzima kabla ya wakati. Kile kisu cha kukatia matunda kibaki nyumbani. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto au nakala yake, na chakula ambacho watoto wamezoea: chapati, mayai, ndizi, maji mengi. Chagueni garimoshi la mchana, si la usiku, kwa sababu reli inapita Tsavo, na mtoto aliyebandika uso dirishani akitafuta ndovu waliojipaka udongo mwekundu hatauliza kila baada ya dakika tano kama mmefika. Hilo pekee ni bustani ya burudani, nayo imo ndani ya nauli.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, si mjini. Watu wengi wa bara hushuka wakidhani bahari iko mlangoni. Mtahitaji matatu au teksi hadi mnakolala, na kwa watoto watatu na mizigo, elewaneni na mwenye teksi bei kabla hajafungua buti.

Wengi hutaka kujua ni mwezi upi bora. Kalenda ya shule huwapa wazazi nafasi tatu. Aprili ni mvua ya masika, nayo huendelea hadi Mei. Vyumba huwa rahisi kupatikana, lakini mwaweza kukaa siku tatu mkitazama maji yakitiririka dirishani. Agosti ni wakati wa upepo wa kusi; hewa ni ya ubaridi kidogo na bahari huwa na mawimbi, lakini jua haliwaunguzi watoto kama Desemba. Desemba ndio wakati wa kaskazi, joto jingi, umati mkubwa na bei za juu. Tena baada yake huja ule mwezi ambao wananchi wameubatiza Njaanuari, wakati karo ya muhula wa kwanza inadaiwa, sare zimekuwa fupi na viatu vimetoboka. Kwa familia inayoishi kwa mshahara, mimi nasema Agosti. Baba watoto hapo amechagua vizuri, apewe haki yake.

Kuhusu pesa sitasema mengi, ila hili moja. Wazazi hupanga bajeti ya nauli, malazi na viingilio, kisha hushangaa wanaporudi na deni. Kinachokula pesa ni vile vitu vidogo visivyoandikwa: aiskrimu, maji ya chupa, tuktuk ya hapa na pale, picha, boya la plastiki linalopasuka siku hiyo hiyo, ngamia. (Kuhusu ngamia, ulizeni bei ya kupanda na ya kushuka pamoja, wapo wanaosema walitajiwa ya kupanda tu.) Dawa yake ni kumpa kila mtoto mwenye kuweza kuhesabu kiasi chake mwenyewe asubuhi, tuseme Sh200, na kumwambia akimaliza amemaliza. Mtoto wa miaka tisa akiwa na pesa zake hugeuka kuwa mchumi mkali kuliko waziri wa fedha. Pia kodini nyumba yenye jikoni badala ya kula hotelini mara tatu kwa siku. Asubuhi mahamri na mbaazi hununuliwa mtaani, moto moto, kwa bei isiyomtisha mtu, na jioni viazi vya karai au mihogo humshibisha mtoto kuliko sahani ya vibanzi ya mahoteli.

Sasa mahali pa kwenda. Kama ningeruhusiwa kuchagua pamoja tu kwa watoto wa umri huu, ningechagua Haller Park, Bamburi. Si kwa sababu ya wanyama peke yao, bali kwa hadithi ya mahali penyewe, ambayo mtoto wa miaka tisa ataielewa vizuri ukimsimulia mkiwa njiani. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji, yaliyoanza kuchimbwa katika miaka ya hamsini. Baada ya mawe kuchukuliwa kulibaki jangwa jeupe lenye chumvi, ambapo hata nyasi hazikuota. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali. Mingi ilikufa. Mvinje ulistahimili. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakabaki marundo juu ya marundo, mpaka majongoo yalipoletwa yakayatafuna na kuyageuza kuwa udongo. Fikiria hayo: msitu mzima, na twiga wake na viboko wake, umesimama juu ya kazi ya jongoo ambaye watoto wetu humkanyaga wakipiga kelele. Palifunguliwa kwa umma mwaka wa 1984, na baadaye pakapewa jina la mwanzilishi wake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wasimulieni watoto kisa cha Owen na Mzee. Desemba 2004, wakati wa tsunami, kiboko mchanga aliyesombwa hadi baharini karibu na mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, aliokolewa na wananchi kwa nyavu, akapelekwa Haller Park. Kule alimwendea kobe mkubwa wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa kama miaka 130, akajikunyata nyuma yake kana kwamba amempata mamaye. Kobe mwanzoni hakutaka mazoea, hatimaye alikubali, na wawili hao wakala na kulala pamoja kwa miaka kadhaa, hadi Owen alipopelekwa kuishi na kiboko mwenzake. Mtoto aliyesikia kisa hicho hawezi kusema kwamba kobe hawachezi.

Ulizeni langoni saa za kuwalisha twiga na viboko, na mpange matembezi yenu kufuata saa hizo. Chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa, maana tumbili wa pale wanajua mkono wa mtoto ulioshika ndizi kutoka mbali.

Fort Jesus itamfaa yule wa miaka tisa, na kidogo wa miaka sita. Waambieni kwamba ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi Desemba 1698 kabla ya kuiteka. Mtoto wa kiume au wa kike, akiona mizinga ile, atataka kujua waliokuwa ndani walikula nini kwa karibu miaka mitatu, na hilo ni swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Huyu wa miaka miwili kwake ngome ni ngazi na kuta ndefu za kuanguka; mmoja wenu abaki naye kivulini. Beba kitambulisho chako kila mnakokwenda, kwani viingilio vya wananchi huwa chini kuliko vya wageni, na siku hizi vituo vya serikali hulipiwa kwa simu kupitia eCitizen. Weka pesa kwenye simu kabla hujafika langoni ukaanza kuhangaika na foleni nyuma yako.

Bustani ya maji, hasa ile ya Wild Waters kule Nyali, ndiyo watoto watakayoililia. Iwekeni siku ya mwisho. Mkianza nayo, kila kitu kitakachofuata kitaonekana chapwa. Mitelezo mikubwa huwa na kimo chake. Mtoto asiyefikia alama hapandi. Mpimeni ukutani nyumbani, na mkamwambie ukweli mapema, badala ya kumwacha apange foleni nusu saa kisha arudishwe akilia. Na asiwepo mzazi wa kumwambia mlinzi, "Mruhusu tu, ni mrefu kwa umri wake." Alama ile haikuwekwa kwa ajili ya umri, imewekwa kwa ajili ya mwili unaoweza kurushwa nje ya mtelezo.

Nimefika baharini, na hapa ndipo penye hofu ya mama wa Umoja. Watu wa bara tuna kasoro moja: twaitazama bahari kana kwamba ni bwawa kubwa la kuogelea. Mwenyeji wa Pwani haendi ufuoni bila kujua maji yako wapi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa yaweza kupita mita tatu, na siku hizo Mombasa maji huwa yamekupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri kama saa kumi. Wiki moja baadaye mambo huwa kinyume. Mwulize mwenye nyumba mnakolala, au mvuvi yeyote, naye atakwambia bila ya kutazama saa.

Ukijua hilo umepata mambo mawili. Kwanza, maji yakipwa asubuhi, watoto waweza kutembezwa kwenye vidimbwi vya miambani kuona kaa, samaki wadogo na viti vya pweza, ambapo ni bure na hapana foleni. Wavae viatu vya mpira, kwa kuwa kuna viumbe wenye miiba kama ya nungunungu. Pili, utajua wakati wa kugeuka. Maji yanayorudi huziba njia za nyuma yako kimya kimya, na pale palipokufika vifundoni asubuhi patamfika mtoto shingoni mchana.

Zile tyubu nyeusi za magurudumu zinazokodishwa kwenye ufuo wa umma ni tamu kwa macho. Mtoto asiachwe ndani yake peke yake hata kwa dakika moja. Upepo hauna haja ya kuomba ruhusa, na mtoto huteleza katikati ya tyubu bila ya kupiga kelele. Kuzama hakufanani na sinema. Mtoto anayezama hapigi mayowe wala hapungi mikono, hunyamaza tu.

Na kuhusu nani alikuwa akimtazama mtoto: bibi na bwana, nyote wawili mlikuwa mkimtazama, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa akimtazama. Kila mmoja alidhani mwenzake anaona. Haya hutokea sana kwenye fuo za umma Krismasi na Mwaka Mpya, hata kwa wazazi waangalifu. Kesi hii haina mshtakiwa, iacheni Nairobi. Badala yake, fanyeni kama watu wa zamu kazini. Kila mtoto awe na mtu mzima wake kwa jina, na mtu huyo asiondoke, awe anakwenda kununua soda au kujisaidia, kabla ya kusema, "Nakukabidhi mtoto," na mwenzake kujibu, "Nimempokea." Msichekelee jambo hili. Wauguzi hufanya hivyo hospitalini na hakuna anayewacheka.

Watoto watatu kwa watu wazima wawili ni hesabu isiyotimia. Kama kuna mdogo wa mama au wa baba aliye chuoni na yuko likizoni, mchukueni mumlipie nauli. Ila, nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mnisikie, elewaneni mapema: mjomba au shangazi aliyekuja kusaidia apewe naye siku yake moja ya kwenda atakako, asigeuzwe yaya wa bure wa siku nne.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, mpige kila mtoto picha kwa simu akiwa na nguo atakazovaa siku hiyo. Mzazi aliyepotelewa na mtoto, akiulizwa amevaa nini, hukumbuka nguo za jana. Wavae rangi zinazong'aa, na zifanane. Andika nambari yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, chini ya bega, si kwenye karatasi itakayolowa. Mfundisheni huyu wa miaka sita majina yenu kamili. Watoto wengi, wakiulizwa mama anaitwa nani, hujibu "Mama", na wakiulizwa wanakaa wapi husema "kwetu". Mwonyesheni pia, mara tu mfikapo, mahali pamoja pa kukimbilia, kama kibanda cha walinzi wa ufuo au duka lenye rangi ya kipekee, na mumwambie akipotea amwendee mama mwenye watoto au mama anayeuza vitu, asimfuate mtu yeyote kwenda mbali. Yule wa kwenu mwaka juzi alifanya hivyo bila ya kufundishwa, naye anastahili sifa, si kukumbushwa kila siku kwamba alipotea.

Jua la saa nne hadi saa kumi walikae chini ya mwembe. Kofia, maji ya kunywa mara kwa mara, dafu likipatikana, na pakiti chache za chumvi na sukari za kutia majini mtoto akiharisha. Hizi hupatikana duka lolote la dawa, na ni bora ziwe mkobani kuliko kutafutwa saa saba za usiku.

La mwisho ni malaria, ambayo watu wa Nairobi tumeisahau kwa kuwa si ugonjwa wa mtaani kwetu. Pwani ipo, na mtoto aliyezaliwa na kulelewa jijini hana kinga ya mwenzake wa Kilifi. Wa chini ya miaka mitano ndio wenye hatari kubwa, na kwenu huyo ni kitindamimba. Kama wiki mbili kabla ya safari mpelekeni kwa daktari aseme kama kuna haja ya dawa za kukinga, msijinunulie. Ulizeni kabla ya kulipia nyumba kama kila kitanda kina chandarua kisichotoboka, na kama hakuna, bebeni chenu. Ugonjwa huu hauonekani siku ya kuumwa na mbu. Huchukua wiki moja au zaidi, kwa hivyo homa yaweza kuja mkiwa mmekwisha kurudi Umoja, nguo zimefuliwa na watoto wako darasani. Mtoto akichemka mwili wakati wowote katika mwezi huo au hata miezi miwili inayofuata, msimpe dawa ya mafua na kumlaza. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu, na hata kama daktari hakuuliza, mwambieni kwamba mtoto huyu alikuwa Mombasa.